Gari Hutunzwa kwa Barabara Linayopita

 Wadogo zangu, haya ni ya nyote, kuanzia Shinyanga mjini na Kishapu hadi Kahama, Masumbwe, Katoro na Geita. Leo tunaongea magari, maana maswali yenu ya magari yamekuwa mengi na mengine hayawezi kusubiri.

Naanza na la mdogo wangu wa Katoro. Anasema yeye na binamu yake wa Dodoma walinunua magari ya aina moja, ya mwaka mmoja. La binamu bado linanguruma vizuri. La kwake limeanza kutoa moshi wa bluu na kula oili, wakati huduma anafanya kwa kilomita zilezile. Anauliza amekosea wapi.

Mdogo wangu, umehesabu vizuri, ila umehesabu kilomita za binamu yako. Kilomita 5,000 za lami ya mjini na kilomita 5,000 za vumbi la kuingia na kutoka Nyarugusu, kule machimboni, haziwezi kuwa kitu kimoja hata kama dashibodi inaandika namba ileile. Watengenezaji wa magari wenyewe wanalijua hilo. Vitabu vyao vina ratiba mbili za huduma: moja ya matumizi ya kawaida, nyingine ya mazingira magumu. Mazingira magumu wameyataja: vumbi, matope, mizigo mizito, safari fupi za mara kwa mara, mwendo wa polepole wa muda mrefu. Soma orodha hiyo, kisha tazama nje ya dirisha lako. Ni sisi hao. Kwa hiyo neno langu kwenu leo ni hili moja: litunze gari lako kwa barabara linayopita. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Vumbi ndilo linaloua injini

Mvua zikikata, kuanzia Juni hadi Oktoba hivi, tunaishi ndani ya vumbi. Upande wa Geita ni jekundu, upande wa Shinyanga ni la kijivu. Lori la mawe likikutangulia kwenye njia ya changarawe, unawasha taa mchana kweupe. Vumbi hilo lina chembe za mchanga mgumu. Zikipenya hadi kwenye injini, zinasaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Ringi zikishalika, oili inapanda na kuungua pamoja na mafuta, na hapo ndipo moshi wa bluu unapotokea. Mdogo wangu wa Katoro, gari lako halina bahati mbaya. Limevuta vumbi.

Mlinzi wa injini ni filta ya hewa, na kuikagua huhitaji fundi. Fungua boneti, tafuta boksi jeusi lenye klipu, fungua klipu, toa filta. Igongegonge taratibu kwenye sakafu ya saruji, upande mchafu ukiwa chini. Utaona vumbi likimwagika, laini kuliko unga wa sembe. Sasa inyanyue uelekee jua na uitazame kwa upande wa ndani. Mwanga ukipenya, bado inafaa. Ukiona giza, nunua nyingine. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: pitisha kidole safi ndani ya bomba la hewa linaloelekea kwenye injini, lile lililo baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, ujue filta imetoboka, au haikukaa sawasawa, au ni feki isiyolingana na boksi. Hilo ni la kutengeneza siku hiyohiyo.

Fundi akikupulizia filta kwa kompresa, mwambie apulize kutoka ndani kwenda nje, tena kwa upepo mdogo. Akipulizia kutoka nje anasukuma vumbi ndani ya karatasi, na upepo mkali unaitoboa. Usiioshe filta ya karatasi kwa maji. Na kama gari lako lina filta ya pili, ile ya hewa ya ndani ya gari, ambayo kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya mbele ya abiria, ikague pia. Hiyo ni kwa ajili ya vifua vya watoto wako.

Kuhusu oili: kwa oili ya kawaida, mtu anayeshinda kwenye lami anaweza kufika kilomita 5,000. Anayekula vumbi na kubeba mizigo, mimi namshauri amwage kati ya 3,000 na 4,000, na filta ya oili ibadilishwe palepale. Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limelala mahali tambarare na injini ya baridi, vuta stiki, ifute, irudishe, ivute tena, usome. Oili kuwa nyeusi ni kawaida, ndiyo kazi yake kubeba uchafu. Ogopa oili iliyopungua kila wiki, na ogopa zaidi oili yenye rangi ya maziwa, kwani hiyo imechanganyika na maji. Hapo usiwashe, ita fundi.

Gari likichemsha

Swali la Kishapu: "Dada, geji ya joto inapanda kila nikiingia barabara ya vumbi, mjini haipandi." Tazama rejeta kwa mbele. Huku kwetu matundu yake huziba kwa vumbi, mbegu za nyasi na wadudu, hadi hewa haipiti. Injini ikiwa ya baridi, ioshe kwa maji yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inapinda mapezi yake.

Jambo la pili ni mnachotia ndani. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya rejeta na injini, na ukoko huo unazuia joto kutoka. Tumia kulanti. Ukibanwa njiani tia maji uliyonayo ufike, halafu mwambie fundi asafishe na kujaza upya.

Na geji ikipanda safarini: zima AC, fungua hita hadi mwisho hata kama mtatoka jasho, tafuta pa kuegesha, zima injini. Kisha subiri. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yale yamebanwa kwa presha, yakiruka yanaunguza uso na kifua. Nusu saa ya kukaa chini ya mti ni nafuu kuliko kuunguza gasketi ya silinda hedi, na ni nafuu mno kuliko kuungua wewe.

Usome udongo

Wazee wetu wa Kisukuma walishaupa udongo majina kwa kuulima, na majina hayo yanamfaa dereva vilevile.

Luseni ni mchanga. Kiangazi unazamisha tairi, hasa kwenye mito mikavu. Usisimame katikati, usikate kona kwa ghafla, nenda kwa mwendo mmoja. Ukinasa, acha kukanyaga mafuta, kwa sababu kila mzunguko wa tairi unachimba shimo. Punguza upepo kwenye matairi yanayovuta hadi kama theluthi mbili ya kawaida, fukua mchanga mbele ya tairi, toka polepole. Ukishatoka, jaza upepo kabla ya kukimbiza gari tena.

Mbuga ni ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Ukilowa, hata Land Cruiser inaomba kamba. Mvua ikinyesha usiku kucha na njia yako inakatiza mbuga, subiri jua au zungukia lami. Ukishatoka kwenye matope, yaoshe. Tope la mbuga lililokaukia kwenye matairi linaficha raba za sivi jointi zilizochanika, na raba ikichanika, mchanga unaingia na jointi inaanza kulia kwenye kona.

Kikungu, udongo mwekundu, una hila yake: mvua ndogo ya kwanza hulainisha juu tu, chini kukabaki kugumu, na gari linateleza kama halina breki. Hapo punguza mwendo kabla ya kona, usiikanyage breki ukiwa ndani ya kona. Na ibambasi, ule udongo mgumu ulioshikamana, hainywi maji, kwa hiyo dimbwi linakaa juu yake siku nyingi na hujui kina chake. Shuka, chukua fimbo, pima.

Kwa mito ya msimu sina mjadala. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulinyanyua gari dogo. Ukiyakuta yamefunika barabara, rudi au subiri. Na gari likizimika ndani ya maji, usipige stata tena. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, kupiga stata kunapinda koneksheni rodi, na injini imekwisha.

Matairi

Wengi wenu mnanunua matairi ya mtumba, nami siwalaumu, mapya ni ghali. Ila lisomeni tairi kabla ya kutoa pesa. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2316, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Libonyeze kwa dole gumba ubavuni. Ukiona mipasuko midogomidogo, liache hata kama kashata zake bado ndefu. Tairi la namna hiyo hupasuka kwenye lami, mchana wa jua, gari likiwa limejaa.

Upepo upime asubuhi kabla ya kutembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Usikubali kipimo cha "weka tu, dada, ni kawaida." Na tairi la akiba lipimwe pia. Mara ngapi tunaona watu wamekaa kando ya barabara na spea isiyo na upepo?

Mizigo ya machimbo

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hili linatuhusu sisi wa ukanda wa dhahabu kuliko wengine.

Mfuko wa mawe ya dhahabu au wa marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, ni mdogo kwa macho na mzito kwa gari. Probox ikijazwa hadi nyuma imekaa chini, taa za mbele zinaangalia juu na kuwapofusha wenzako, usukani unakuwa mwepesi, na breki zinahitaji mita nyingi zaidi kusimama. Ukibeba mzigo wa plant ya kuchenjulia dhahabu leo, kesho kagua shokapu, springi na pedi za breki. Na gari ambalo unapelekea watoto shule lisiwe lori la mgodi.

Petroli ya pampu za kuvutia maji kwenye maduara, yaani mashimo ya machimbo, msiibebe kwenye vidumu vya mafuta ya kula ndani ya gari lenye abiria. Mvuke wake unajaa gari bila kuonekana, na cheche moja inatosha.

Zaidi ya yote, zebaki ya kukamatia dhahabu. Najua inawekwa kwenye kichupa mfukoni mwa mlango, kama mafuta ya nywele. Zebaki hutoa mvuke hata kwenye joto la kawaida, na gari lililofungwa juani hupata joto kali. Ikimwagika kwenye zulia inajigawa vitone vidogo visivyofagilika, na kila siku mtaendelea kuivuta. Inaharibu ubongo na figo, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Sianidi nayo ni sumu ya kuua, ina taratibu zake za kibali na usafirishaji, na gari la familia halimo kwenye taratibu hizo. Mume au kaka akikwambia "ni kidogo tu", mwambie kwa heshima kwamba gari hili wanapanda watoto.

Barabarani

Shinyanga ni nchi ya ng'ombe. Asubuhi na jioni makundi yanavuka kwenda na kurudi malishoni. Ukimwona ng'ombe mmoja amevuka, hesabu kwamba wenzake watamfuata, hata kama upande wa pili bado huwaoni. Simama, usipite katikati ya kundi, usipige honi mfululizo. Yule mtoto mwenye fimbo pia ataruka barabarani kuwafuata ng'ombe wake bila kukutazama. Mtazame yeye kwanza.

Kutoka Tinde kupita Isaka na Kahama hadi kuelekea Rusumo ni njia ya malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia, linakuonya usipite. Likiwasha ya kushoto, linakuruhusu. Ni ustaarabu mzuri, lakini dereva wa lori haoni kwa macho yako. Pita pale tu unapoona mwenyewe barabara tupu. Na ukikuta matawi yamelazwa kwenye lami, kuna chombo kimeharibika mbele. Punguza mara moja. Ukiharibikiwa wewe, weka pembetatu ya kuakisi mbali nyuma ya gari, washa taa za tahadhari, washushe watu wakae nje ya barabara, na ukiondoka ondoa matawi yako.

Usiku, kama unaweza kuahirisha, ahirisha. Lori lisilo na taa za nyuma, baiskeli isiyo na kiakisi, fisi anayekatiza: vyote hivyo utavikuta kwenye barabara moja.

Kwa wanaokwenda Mwanza kutokea Geita: Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na kilomita zake 3 zimetuondolea foleni ya kivuko. Nimefurahi kama nyinyi. Ila kivuko kilikuwa kinatulazimisha kupumzika: tulishuka, tukanyoosha miguu, injini ikapoa. Sasa dereva anaunganisha bila kusimama. Pumziko lile lipange mwenyewe, Sengerema au Usagara. Na juu ya daraja usisimame kupiga picha. Upepo wa ziwa unasukuma, hasa magari marefu, kwa hiyo shika usukani kwa mikono miwili.

Ukifika gereji

Wadogo zangu wa kike mnaniandikia kwamba fundi anaongea na mume hata kama gari ni lenu, au anataja vifaa vingi hadi mnachoka na kulipa. Fanyeni hivi. Eleza dalili, usitaje ugonjwa: "Linalia 'ko ko' kushoto nikipita tuta" inatosha. Ukisema "nafikiri shokapu", atakuuzia shokapu, na pengine ilikuwa bushi. Omba akuonyeshe kilichoharibika kabla hajakifungua, na ukitoka, ondoka na kifaa cha zamani mkononi. Spea nunua mwenyewe au nenda naye dukani, mpewe risiti. Kubalianeni bei ya ufundi kabla ya kazi. Na nunua daftari la shilingi chache: tarehe, kilomita, kilichofanyika. Siku ya kuliuza gari, daftari hilo litakutetea.

Kama fundi wako ni mkweli, mtunze. Mlipe kwa wakati, msalimie nyumbani kwake, mpelekee wateja. Huku kwetu fundi mwaminifu ana thamani kubwa.

Usiye na gari

Sijawasahau mnaopanda michomoko, yale magari madogo ya abiria. Gari la watu watano likibeba nane, na mmoja amekaa kiti kimoja na dereva, dereva huyo hawezi kukata usukani wala kufika kwenye gia vizuri. Una haki ya kukataa. Sema "nasubiri linalofuata", shuka na begi lako. Ukiwa na mtoto mdogo, usimpakate kiti cha mbele. Na mkanda wa nyuma nao ni mkanda: kama umefichwa chini ya kiti, uombe utolewe.

Makaratasi

Kwa kifupi: bima iwe hai, leseni iwe hai na ya daraja la gari unaloendesha. Kwenye makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na vijiji vyetu vingi viko palepale kwenye lami. Ukikosea na trafiki akakuandikia, faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, unapewa namba ya malipo na unalipa kwa simu. Lipa hivyo. Pesa ya mkononi haina risiti, na inamfundisha dereva kwamba kosa linauzika.

Kazi ya wiki hii naigawa hivi. Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda mnadani au kanisani kufanya usafi, chukua kitambaa. Vuta stiki. Toa filta, iinue juani, pitisha kidole kwenye bomba. Soma tarakimu nne za kila tairi, na la akiba. Washa taa zote, mwombe mtoto asimame nyuma pembeni akwambie kama za breki zinawaka. Ndani ya nusu saa utakuwa umelijua gari lako kuliko alivyolijua aliyekuuzia. Halafu keti, uandike kwenye daftari lako jipya barabara unazopita kila wiki: ngapi ni lami, ngapi vumbi, ngapi mbuga. Kutokana na orodha hiyo panga kilomita zako mwenyewe za huduma, na usimwachie binamu wa Dodoma akupangie.

Mdogo wangu wa Katoro, wewe lipeleke gari kwa fundi apime komprasheni ya kila silinda kabla hujaambiwa ununue injini nyingine. Niandikie majibu, namba kwa namba, tutayasoma pamoja.

Dada yenu.